Mbele Yangu

Ofisi ya wakili iko juu ya duka la vipuri,
nyuma ya soko la Majengo, ngazi ishirini na moja.
Nilizihesabu kwa sababu Nyemo huhesabu kila ngazi,
na siku hiyo hakuwepo. Alikuwa na mtihani wa Sayansi.

Nilibeba bahasha ya kaki:
cheti cha kuzaliwa, nakala mbili,
picha ndogo nne zilizopigwa mbele ya pazia la bluu,
hati ya talaka, mikunjo yake imeanza kutoboka,
na kitambulisho changu, ambamo nimekodoa macho
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Karani alichapa bila kuinua uso.
"Mimi, Yoramu Mnyukwa, mtu mzima mwenye akili timamu"
(hilo nikaliacha lipite)
"naridhia kwa hiari yangu, bila kushurutishwa,
mwanangu Neema..."

Si Neema, dada. Nyemo.
"Neema ndilo lililozoeleka."
Nyemo. Ni Kigogo. Ni furaha.
Alizaliwa mwaka ambao Bahi ilivuna mtama
baada ya misimu miwili ya vumbi tupu,
bibi yake akasema jina lisitafutwe mbali.
Karani akafuta herufi mojamoja.
Nilisikia kila moja ikitoka.

Asafiri na Tirza, mama yake mdogo,
mpaka Gaborone, aliko mama yake mzazi,
siku thelathini na mbili, kwenda na kuru-
di. Hivyo ndivyo mstari ulivyokatika.
Nilitaka kuomba uchapwe upya, nikaona haya.

Nikauliza badala yake kama kuna nafasi.
"Nafasi ya nini?" wakili akasema,
mama mmoja mwenye miwani ya kamba.
Ya kuandika kwamba hanywi maziwa yenye utando.
Kwamba akisema sijambo mara mbili, basi anaumwa.
Kwamba usiku mlango uachwe wazi kiasi cha kupita paka.
Kwamba asiulizwe anampenda nani zaidi.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi.
"Baba Nyemo, sheria haina safu ya hayo."
Hakusema kwa ubaya.

Kazi yangu ni pampu za visima, Bahi mpaka Manyoni.
Najua boliti ikikazwa kupita kiasi hukatika kichwa,
ikilegezwa, huporomokea kisimani.
Fundi wa kunionyesha katikati yake
sijampata bado.

Nikaweka sahihi. Haikufanana na ya kwenye kitambulisho,
nikaambiwa niongeze dole gumba.
Wino wa zambarau ukazama kwenye nyufa
ambazo sabuni imezishindwa miaka yote.

Chini yake imeandikwa:
*ambaye ametambulishwa kwangu na* ..........
"Nani anakufahamu?" karani akauliza.

Swali jepesi. Nikakaa nalo.
Aliyenifahamu yuko Gaborone.
Anayenifahamu ana mtihani wa Sayansi.
Nikamtaja Hezroni wa duka la chini.
Akapanda na mikono ya oili, akanitazama
kama anayekagua kipuri kilichotumika.
"Huyu? Namdai mipira miwili ya pampu," akasema,
na kwa ushahidi huo nikatambulika.

Mhuri ulishuka mara tatu. Kalamu zikarukaruka mezani.
Shilingi elfu thelathini, na risiti.

Nje, upepo wa Julai ulikuwa unavuta kila kitu,
mifuko, khanga, mabango ya bei.
Bahasha niliishika kwa mikono miwili.

Jioni Nyemo aliisoma karatasi kwa sauti,
akitembeza kidole kama wanavyofundishwa.
Alipofika *kuru* akasimama,
akashuka mstari wa chini kutafuta kilichobaki.
"Di," akasema, na kuendelea.

Alisoma mpaka kwenye mhuri, na nambari ya sanduku la posta.
Kisha akauliza jambo moja tu:
"Baba, Hezroni ndiye anayekufahamu?"